Hapana ya Kwanza Haihesabiwi

Jibu langu nilikuwa nalo tangu asubuhi, limeiva, nimelihifadhi mdomoni kama peremende. Kilichokosekana ni swali tu.

Nalo swali nilikuwa nimeshalisikia, Mungu anisamehe, kupitia ukuta wa jikoni. Mjukuu wangu Lyle, ambaye kazi yake ya treni za mizigo humlaza Wyoming leo na Kansas kesho, alipiga simu siku iliyotangulia. Nikamsikia mkewe Noreen akimwambia: "Sawa, nitamuuliza mwenyewe kesho nikimpeleka kula nyama. Akikubali, chumba cha nyuma ni chake." Mimi nilikuwa nakausha kikombe. Nilikikausha mpaka nikahofia maua yake yatabanduka.

Kwangu ni Scottsbluff, upande ule wa magharibi wa Nebraska ambako hata upepo ukipita hausimami kusalimia. Nilikuja Omaha kumsaidia Noreen wiki mbili, kwa kuwa alikuwa mjamzito wa miezi saba na mumewe hakai, na Jumapili nilitakiwa kupanda basi nirudi. Nirudi wapi? Kwenye nyumba ambayo tangu mume wangu Konrad alipofariki, anayezungumza ndani yake ni mtangazaji wa hali ya hewa wa redioni. Nami humjibu. Akisema kesho theluji, namwambia "asante, baba", kisha nanyamaza nikingoja na yeye aniulize nimeamkaje. Hajawahi.

Kwa hiyo chumba kile nilikitaka. Tena nilikuwa nimeshahamia ndani yake kwa macho: kitanda huku, cherehani yangu pale dirishani, na kitanda cha mtoto karibu na mlango ili akilia usiku niwe wa kwanza kumfikia. Kilichobaki ni kuombwa.

Na hapo kwenye kuombwa ndipo penye ugonjwa wangu.

Sisi watu wa mashamba ya viazi vya sukari, vile vinavyokamuliwa sukari kiwandani, ambao babu zetu Wajerumani walikaa kwanza Urusi kabla ya kuletwa huku na njaa, tuna adabu tuliyolishwa pamoja na uji. Mgeni akikaribishwa kitu, hukataa. Akikaribishwa tena, hukataa, ila kwa sauti ya chini kidogo. Mara ya tatu hushusha pumzi akasema, "Haya basi, kidogo tu, kwa kuwa umeshikilia," halafu anakula mpaka sufuria inalia. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi. Mwenyeji asiyekaribisha mara tatu ni mchoyo. Shule nilisoma madarasa manne, nayo kwa vipande, maana viazi vikitaka kupaliliwa mwalimu alibaki peke yake na madawati. Lakini hili somo la kukataa nililihitimu, na kama wangetoa cheti ningekitundika sebuleni.

Noreen kwao ni Connecticut, huko mashariki. Ni muuguzi, mwepesi wa miguu, mpole, na kwao hapana ni hapana. Siku zote zile nilikuwa nimeliona jambo hili bila kulielewa. "Bibi, chai?" "Hapana mwanangu, usijisumbue." "Sawa." Anamimina kikombe kimoja, cha kwake, anakaa. Mimi nabaki nanusa mvuke. Nikajiambia: ni uchovu, wajawazito husahau. Kesho atakumbuka kuuliza mara ya pili.

Basi tukaingia kwa Salvucci, mgahawa wa nyama, saa kumi na moja jioni, wakati wa watu wenye akili kula chakula cha jioni. Nje ilikuwa harufu ya mazizi ya mnada, ndani harufu ya kile ambacho mazizi yanakizaa. Viti vya ngozi nyekundu, taa hafifu, ukutani picha za mafahali waliopata nishani kabla ya kupata bahati mbaya. Mhudumu wetu alikuwa mwanamke wa rika langu, Concetta, jina lake limedariziwa kifuani, penseli imechomekwa kwenye nywele. Alitutupia menyu kama mtu anayegawa karata.

"Haya, dada, vinywaji."

"Mimi soda ya tangawizi," Noreen akasema, akishika tumbo lake. "Na wewe, Bibi? Kunywa chochote, usinitazame mimi. Hata bia."

Sasa mimi nilitaka bia nyekundu. Ni bia yetu ya huku Nebraska, unaitia juisi ya nyanya, na Konrad alikuwa akinipa nusu glasi jioni za mavuno, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za nyuma na matope miguuni. Tangu afe sijainywa. Niliiona mezani kwa jirani, glasi inatoka jasho, nikameza mate yakasikika.

"Hapana, mwanangu. Maji tu."

"Sawa," akasema Noreen.

"Maji," akasema Concetta, akaandika, akaondoka.

Niligeuka kumtazama mgongo. Nilidhani atageuka. Kwetu hata mchuuzi angegeuka.

Likaja sinia la mboga mbichi juu ya barafu, karoti na figili na vijiti vya mkate, lile linalowekwa mezani kabla hujaomba. Hilo nalishukuru, kwa sababu haliulizi. Nilikula karoti mbili kwa adabu na ya tatu kwa njaa. Concetta akarudi kuuliza nyama. Noreen akaagiza steki ya ubavu kwa ajili yake. Nikasema mimi hata kipande kidogo kitanitosha. Noreen akamwambia Concetta aniletee steki laini ya mgongoni, iive vizuri, na nikamwombea baraka kimoyomoyo, kwamba angalau nyama hakuniuliza.

"Pembeni?" Concetta akauliza. "Kuna kiazi kizima cha kuoka na krimu chachu, kuna viazi vya kukata vya kukaanga, kuna tambi za nyanya. Unachagua kimoja, kinakuja na nyama. Vitunguu vya kukaanga ni juu yako."

Kwa wasiotujua, hapa Omaha nyama hupelekwa mezani na tambi, kwa sababu Waitaliano ndio waliofungua majiko haya na hakuna Mwitaliano atakayekubali umalize kula bila tambi. Mtu asishangae. Tumeshazoea, na ni tamu.

"Tambi," Noreen akasema, "na vitunguu pia, sinia zima. Huyu aliye tumboni anavipenda. Bibi?"

Kiazi! Moyo wangu ulipaza sauti. Kiazi kizima kilichopasuliwa tumbo, krimu inayeyuka ndani! Mdomo wangu ukasema:

"Ah, hapana, msijisumbue na mimi."

"Si usumbufu, bi mkubwa," Concetta akasema. "Kimeshaokwa."

Nikafurahi. Hiyo ilikuwa kama nusu ya mara ya pili. Nikakataa kwa ile sauti ya chini kidogo, tamu, ambayo kwetu mtu yeyote angeielewa kuwa mlango uko wazi, sukuma tu.

"Hapana, mama. Nyama peke yake inatosha."

"Haya," akasema Concetta. Akakata mstari na penseli yake. Niliusikia ule mstari ukipita kwenye utumbo wangu.

Chakula kikaja. Mbele ya Noreen ikatua nyama, bakuli la tambi linafuka, na mlima wa vitunguu vya duara, vya rangi ya dhahabu, vinachuruzika mafuta. Mbele yangu ikatua sahani kubwa nyeupe yenye kipande cha nyama katikati, peke yake, kama mzee aliyesahauliwa kituoni. Hata jani la pasli hawakuniwekea.

"Unakula kwa kujihadhari sana, Bibi," Noreen akasema. "Nakuonea wivu. Mimi siwezi kujizuia."

"Ni mazoea tu, mwanangu," nikasema. Mazoea! Nilikuwa nahesabu vitunguu vyake.

Watu husema subira huvuta heri. Subira yangu mimi ilivuta sahani tupu.

Noreen akainuka kwenda msalani, maana mtoto alikuwa amemkalia kibofu. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Mimi mwanamke wa kanisani, niliyezaa wanne na kuzika mume, nilinyoosha mkono juu ya meza nikaiba kitunguu. Nikakitia chote mdomoni. Kilikuwa cha moto kiasi kwamba machozi yalinitoka, nami siwezi kukitema wala kupumua.

"Bi mkubwa." Concetta alikuwa amesimama nyuma yangu na jagi la maji. "Si ungesema?"

"Naonja chumvi," nikasema, na mvuke ukanitoka mdomoni.

"Na ikoje?"

"Imekolea."

"Nikuletee vya kwako?"

Msomaji wangu, hebu fikiria. Nimeshikwa, kidevu kinang'aa mafuta, ushahidi bado naumeza. Ningeweza kusema ndiyo yakaisha. Nikasema: "Hapana, hapana, mama, nimeshiba!"

Concetta akanimiminia maji mpaka yakafurika. "Nyie watu wa magharibi," akasema, "mtakufa na njaa huku mmekaa juu ya gunia." Akaenda zake.

Noreen aliporudi hakukaa vizuri. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaweka uma chini, akapangusa vidole vyake kimoja kimoja. Nikajua: linakuja. Nikajinyoosha mgongo. Nikajiambia, Amalia, umeona bia ilivyopita, umeona kiazi kilivyopita. Huyu binti anauliza mara moja tu. Safari hii fungua mdomo, sema ndiyo, neno lenyewe ni fupi.

"Bibi," akasema, na sauti ilikuwa inamtetemeka kidogo, jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu anayechoma watu sindano. "Mimi na Lyle tumezungumza. Ungependa usirudi Scottsbluff? Ukae nasi. Chumba cha nyuma kiwe chako. Si kwa sababu ya mtoto tu. Ungependa?"

Na ulimi wangu, ule ulimi usio na mfupa wala huruma, ukatoka mbio kabla yangu.

"Ah, hapana, mwanangu. Mimi mzee, nitawabana tu. Hapana."

Nilijisikia nikisema. Nilikuwa kama mtu anayeona gari lake mwenyewe likishuka mlima na yeye amesimama barabarani ameshika funguo.

Noreen akatazama sahani yake. "Sawa," akasema. "Nimekuelewa, Bibi." Akachukua uma, akazungusha tambi, hakuzila.

Nikangoja. Nilingoja kwa uso ule wa kualika, nyusi zimeinuka, kichwa kimelala upande. Hakunitazama. Nikaona nimsaidie, nimfungulie njia ya kuniuliza tena bila mimi kuonekana mlafi.

"Kule kwangu baridi huanza mapema," nikasema.

"Pole. Lyle atakununulia jiko la mafuta la kupasha chumba."

"Na ngazi zimeanza kunisumbua."

"Tutampata fundi akuwekee ubao wa kushikilia."

"Usiku kuko kimya sana. Nina redio tu, nayo siku hizi inakwaruza."

"Chukua ya kwetu, Bibi. Hatuitumii."

Kila nilipogonga mlango wake, alinipa ufunguo wa mlango wangu. Katika dakika chache hizo nilikuwa nimepata jiko, ubao na redio, na nyumba yangu ya Scottsbluff imekuwa nzuri kiasi kwamba mtu angekuwa mwendawazimu kuiacha. Nikaona Jumapili. Nikaona basi, dirisha, mashamba matupu yasiyoisha, na mwisho wake yule bwana wa hali ya hewa.

Concetta akaja. "Mmemaliza? Niondoe sahani?"

"Usiondoe!" nikasema, kwa sauti iliyofanya mzee wa meza ya pili aangushe figili. "Noreen, niulize tena."

"Nikuulize nini, Bibi?"

"Lile la chumba."

"Si umenijibu?" Alikuwa na macho mekundu. "Sitaki kukusukuma. Kwetu mtu mzima akisema hapana, ukimrudia ni kumdharau. Kumfanya mtu asiyejua anachosema."

"Basi nidharau, mwanangu. Nisukume kidogo."

"Sikuelewi."

"Ile hapana ilikuwa ya kwanza," nikasema. "Ya kwanza haihesabiwi. Ya pili nayo ni ya heshima tu. Sisi tunaombwa mara tatu ndipo tunakubali. Ndivyo tulivyolelewa. Sijawahi kusema ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu. Hata Konrad alinichumbia mara tatu, na kati ya mara ya pili na ya tatu mvua ilimnyeshea."

Noreen alinitazama kama anayesoma kipimo cha mgonjwa na namba hazikubali. Kisha akauliza polepole:

"Na chai? Ile ya kila asubuhi?"

"Nilikuwa naitaka."

"Na blanketi la pili?"

"Nilikuwa natetemeka."

"Na kile kiti cha kuegemea?"

"Hicho nilikikalia ukienda kazini. Mpaka kina shimo langu."

"Na hapa? Viazi? Bia?"

"Noreen, nimekula nyama kavu kama mbwa wa mchinjaji, huku nakutazama."

"Na kitunguu kimoja ameiba," Concetta akasema. Alikuwa bado amesimama na mkono kiunoni. "Nilimwona. Sasa niambieni, niondoe sahani au nivute kiti?"

Nilitarajia Noreen acheke. Hakucheka. Aliangua kilio, palepale, leso ya meza usoni, watu wakageuka.

"Nilidhani hunipendi," akasema ndani ya ile leso. "Siku zote hizi. Nilimwambia Lyle, bibi yako hataki hata maji kutoka mikononi mwangu. Chochote ninachompa anakataa. Akaniambia nikuulize, nikamwambia atakataa, na mimi ndiye sababu. Leo nimekuuliza hivyohivyo."

Basi hapo nami nikakosa la kuchekesha. Adabu yangu yote ile, niliyokuwa nikijivika kama shali ya Jumapili, mwenzangu aliisoma kama chuki. Nilidhani najinyima ili yeye asisumbuke. Kumbe ndiye nilikuwa namnyima. Mtoto wa watu anapika, anatandika, ana tumbo la miezi saba, na bibi mkwe amekaa pale kama hakimu anasema hapana, hapana, hapana.

"Nakupenda," nikamwambia. "Nakupenda mara moja, bila kuulizwa."

Akapenga kamasi kwa nguvu, kama wafanyavyo wauguzi. Akajifuta, akavuta kiti mbele, na nikamwona yule Noreen ninayedhani wagonjwa wake humwona.

"Sasa sikiliza, Bibi. Mimi sina mara tatu. Mtoto akizaliwa sitakuwa hata na mara mbili, nitakuwa nalala nimesimama. Nikisimama mlangoni nikakuuliza unataka chai, lazima nijue unataka chai. Siwezi kuishi na mtu nikimkisia kila kitu. Nitakuuliza mara moja, na utakachojibu ndicho nitakachokifuata. Ukisema hapana, Jumapili nakupeleka kwenye basi, na nitakupenda hivyohivyo, lakini nitakupeleka."

"Ni haki yako," nikasema.

"Uko tayari?"

"Ngoja." Nikanywa maji. Nikaweka glasi chini. Concetta akahamishia uzito mguu mwingine. Mzee wa meza ya pili aliacha kutafuna kabisa. "Niko tayari."

"Bibi Amalia. Utakuja kukaa nasi?"

Jamani, miaka sitini na tano ya malezi si kitu cha kufuta kwa leso. Niliisikia ile hapana ikipanda. Ilianzia tumboni, ikapita kifuani, "ha" yake ikafika kwenye meno, mdomo wenyewe ukaanza kufunguka kuipa njia. Nikaukamata. Niliuziba kwa viganja vyote viwili, nikabana, macho yamenitoka, na kwa kichwa nikaitikia. Juu, chini. Juu, chini. Nikaitikia mpaka pini zikaanza kunidondoka nywelini, na Noreen sasa akawa anacheka na kulia kwa pamoja, amenishika viwiko, anasema, "Nimeona, Bibi, nimeona, inatosha," nami naogopa kuacha, maana nilijua nikiondoa mikono tu itaponyoka.

Concetta aliniinamia akanichungulia usoni.

"Vipi huyu? Meno yanamuuma?"

"Si meno," Noreen akasema. "Ni malezi."